Tuliposimama kuwa mahindi: shajara ya mafunzo ya vuta-sukuma, Luanda, Februari hadi Julai 2025

Jumanne, Februari 4

Tumeanza mafunzo ya vuta-sukuma, njia ya kuyalinda mahindi kwa mimea inayopandwa pamoja nayo. Wakulima 26 katika ua wa kanisa, karibu na barabara ya Kisumu kwenda Busia, magharibi mwa Kenya: wanawake 19, wanaume 7. Kuna Wanyore, kuna Wajaluo wa upande wa Maseno na Gem, kwa hiyo Kiswahili ndicho tutakachofundishia, na neno likikwama mtu anamnong'onezea jirani kwa lugha ya nyumbani.

Adui wetu ni kayongo. Asiyelima huku akiliona ua lake la zambarau atalisifu. Gugu hili hujishika kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi, likaanza kunyonya kabla halijachomoza juu ya ardhi. Ukiliona ua, hasara imeshaingia. Shina moja hutoa mbegu makumi ya maelfu, laini kama vumbi, na mbegu hizo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa mahindi upite karibu. Adui wa pili ni funza wa bua, ambaye kila mkulima hapa anamjua kwa mashimo anayoyaacha.

Vuta-sukuma inawakabili wote wawili. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, waliifanyia kazi pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na wakulima wa magharibi wameitumia tangu mwisho wa miaka ya 1990. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, na napia, majani marefu ya kulishia ng'ombe, inazunguka shamba. Desmodiamu inamfukuza nondo anayetaga mayai ya funza, napia inamvuta kwake.

Nimelifundisha somo hili mara nyingi kwa karatasi kubwa za ukutani, mishale ya rangi na yote. Watu waliandika, wakashukuru, wakala, wakaenda. Msimu mmoja nilipozunguka mashambani nikakuta mama mmoja amepanda napia katikati ya mahindi na desmodiamu pembeni. Alikuwa amehudhuria kila kikao na daftari lake limejaa. Nililia ndani ya gari, kwa sababu mahindi yake yalikuwa yamedhoofika kuliko ya jirani ambaye hakufundishwa chochote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza somo linapotelea wapi. Nadhani ni hivi: mambo yote makubwa ya vuta-sukuma hayaonekani. Harufu iko hewani, vita vya kayongo viko chini ya udongo. Mshale kwenye karatasi haumfanyi mtu aone kilichofichika. Safari hii kila sehemu ya somo tutaicheza kwa miili yetu, na mchezo ndio utakuwa somo lenyewe. Mashamba darasa, yaani mafunzo ya wakulima yanayofanyika shambani, tangu yalipoanzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, yamekuwa na nafasi ya mazoezi ya kikundi. Lakini sehemu nyingi nilizopita mazoezi hayo yamekuwa ya kuwaamsha watu waliosinzia baada ya chakula, kisha wanakalishwa tena.

Nilianza na kosa. Niliwaomba washikane mikono, wafanye duara. Duara halikufunga. Kijana mmoja alisimama mikono nyuma, macho chini, na mama wa makamo aliyekuwa kando yake amegeuza uso. Nikarudia agizo kwa sauti kubwa zaidi. Mwenyekiti akanivuta pembeni: "Mwalimu, yule ni mamakwe wake."

Nimezaliwa huku. Nilipaswa kujua kabla sijafungua mdomo. Kwa Wanyore na kwa Wajaluo vilevile, mkwe hamshiki mkono mamakwe, na mchezo wangu hauna ruhusa ya kuivunja heshima hiyo. Nikatoa kamba ya katani niliyoileta kwa kupimia shamba, kila mtu akashika kipande chake. Duara likafunga, na yule mama akainua uso. Kuanzia leo hatushikani mikono. Tunashika kamba.

Jumanne, Februari 11

Watoto wote wa huku wanacheza "nyama, nyama". Kiongozi anataja mnyama. Akiwa wa kuliwa mnaruka na kuitikia, asipokuwa wa kuliwa atakayeruka ametoka. Nikaugeuza: nataja mdudu, na akiwa rafiki wa shamba unaruka, akiwa adui unachutama. Anayeumwa magoti anatumia mikono, juu au chini. Niliutengea dakika tano.

Funza wa bua, wote chini. Buibui, wengi juu. Nyigu, wote chini bila kusita, na hapo nikapata mlango wa kueleza kwamba kuna nyigu wadogo sana, wasiomuuma mtu, wanaotaga mayai ndani ya funza wa bua na kummaliza, na kwamba desmodiamu huwaita waje shambani.

Halafu nikataja siafu. Nusu ya ua iliruka, nusu ikachutama, kila upande ukiutazama mwingine kwa mshangao. Dani mmoja (bibi, kwa Kijaluo) wa upande wa Gem akasema siafu wakipita nyumbani kwake anawaachia nyumba, na akirudi hakuna mende wala panya. Baba mmoja akamjibu kwamba yeye walimlia vifaranga tisa usiku mmoja. Wakaanza kubadilishana yale wanayoyajua: siafu huonekana lini, hupitia wapi, hula nini shambani. Sikuamua nani mshindi, maana wote wawili walikuwa wamesema kweli. Dakika 5 zikawa 40, na nilipoangalia daftari langu sehemu ya wadudu ilikuwa imeshasemwa karibu yote, na wao.

Jumanne, Februari 18

Shamba linalotembea. Hiki ndicho kikao nilichokiwaza usiku mwingi.

Mahindi 8, wamesimama katika mistari miwili chini ya mwembe. Desmodiamu 6, napia 8, nondo 3 waliofungwa macho kwa leso. Aliyebaki anahesabu. Harufu hatuwezi kuicheza, kwa hiyo sauti imeshika nafasi yake: mahindi wanavuma kwa midomo iliyofungwa, nondo anafuata mvumo. Hindi likiguswa limeliwa, linachutama.

Mzunguko wa kwanza, mahindi peke yake. Haikuchukua muda, watano wako chini.

Mzunguko wa pili, desmodiamu wakaingia katikati ya mistari wakipiga makofi makali, na nondo akikutana na makofi sharti ageuke. Napia wakasimama upande wa barabarani wakiimba kwa nguvu kuliko mvumo wa mahindi. Nondo wawili wakageuka, wakaelekea kwenye wimbo. Wa tatu akazungukia upande wa jikoni, ambako hakukuwa na mtu, akaingia kwa pembe ambayo makofi hayakumfikia na kula mahindi mawili.

Mama mmoja aliyekuwa hindi lililoliwa akapaza sauti palepale alipochutama: "Mbona mmeacha mlango wazi?"

Sikusema kitu. Napia wenyewe wakaanza kusogea, wakibishana kwa Kinyore na Kijaluo kwa pamoja, hadi wakazunguka pande zote nne. Mzunguko wa tatu hakuna hindi lililoguswa. Nilikuwa nimeandika sentensi nzuri kuhusu kuzungushia mistari mitatu ya napia shamba lote, sikuihitaji. Nimefurahi leo kuliko siku nyingine yoyote katika kazi hii.

Kijana mmoja akauliza swali lililoongeza mchezo: nondo akitaga kwenye napia, funza si watakua na kurudi kwenye mahindi? Nikaeleza kwamba napia hutoa utomvu unaonata na funza wengi hufia humo wakiwa wadogo. Basi napia wakaamua kwamba nondo akiwafikia wanamfunga leso na kumkalisha.

Mambo mawili ya kurekebisha. Nondo mmoja alijikwaa kwenye mzizi wa mwembe. Hakuumia, ila kuanzia sasa kila aliyefungwa macho atafuatwa na mtu mwenye kuona, na ua utafagiliwa kwanza. Pili, lazima niseme wazi mwishoni kwamba makofi yalisimama mahali pa harufu. Nilipitisha matawi ya desmodiamu wayafikiche na kunusa. Wengi hawakusikia cha ajabu, nikawaambia nondo hunusa kwa papasi zake na kupata ambacho pua zetu hazikipati.

Februari 25

Hakuna kikao. Kulikuwa na maziko katika boma la mwanakikundi, sote tukaenda.

Jumanne, Machi 4

Leo tuliingia chini ya udongo. Mbegu za kayongo ni watu waliochutama, wamejifunika leso, wamelala. Mahindi yakinyoosha kamba, yaani mizizi, mbegu iliyo karibu inaamka, inashika kamba na kuivuta. Ndivyo ilivyo kweli: mzizi wa hindi hutoa kemikali, kayongo huisikia na kuota. Desmodiamu nayo inaiamsha kayongo kwa kemikali za mizizi yake, lakini hutoa nyingine zinazoizuia kujishika. Mbegu ikishaota isipate pa kunyonya, imekufa. Kwa hiyo katika mchezo aliyeamshwa na desmodiamu anasimama, anatafuta kamba, hapati, anahesabu hadi kumi na kuondoka uwanjani.

Nilimwambia kukhu mmoja (bibi, kwa Kinyore), mkongwe kuliko wote, apumzike kwenye kiti atutazame. Alinijibu kwa upole, lakini alinijibu: "Mwanangu, sikutembea kutoka kwangu kuja kutazama. Nipe kazi." Alikuwa na haki. Nilimwondolea somo nikidhani ninamwonea huruma. Akawa hindi, ameketi kitini, kamba miguuni. Wakati kayongo watatu wanamvuta kwa wakati mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe hivi ndivyo yanavyosikia." Ua wote ukanyamaza. Sikuwahi kusikia mkulima akizungumza hivyo kuhusu mahindi yake mbele ya karatasi ya ukutani.

Mwishoni mwalimu mmoja mstaafu akahesabu waliobaki wamelala. Mizunguko mitatu, na bado kulikuwa na mbegu sita chini ya leso. Akauliza msimu mmoja utamaliza? Nikajibu hapana, wala miwili. Kila msimu akiba ya mbegu inapungua, na desmodiamu ikishika vizuri inabaki shambani kwa miaka. Nafuu waelewe hivyo sasa kuliko wakate tamaa Julai.

Jumanne, Machi 11

Mvua imekaribia, kwa hiyo leo ilikuwa siku ya kuamua nani atapanda. Nikalaza kamba chini kutoka mwembe hadi mlango wa kanisa. Mwembeni husimama aliye tayari kutoa kipande cha mita 20 kwa 20 msimu huu, mlangoni asiye tayari, na aliye na shaka popote katikati.

Wazee wakatangulia mwembeni. Wake wakafuata nyuma yao, vijana wakafuata wake. Watu 24 waliofika leo wakabanana chini ya mwembe, mlangoni pakawa patupu. Picha ilipendeza, ila sikuiamini. Niliona mama wawili waliosita katikati ya kamba, wakatazama mbele, wakaendelea kutembea.

Mchezo wa kusimama mbele ya watu unaonyesha mtu anamfuata nani, na mara nyingine unaishia hapo. Nimeutumia miaka mingi na kuandika kwenye ripoti kwamba wote wamekubali. Ni sharti niliseme hapa: nyingi ya ripoti hizo zilipima heshima, nami nikaziita uamuzi.

Nikaweka bakuli ndani ya kanisa, nyuma ya mlango. Kila mmoja akaingia peke yake: punje ya mahindi kama yuko tayari, haragwe kama hayuko. Tulipolimwaga juu ya leso, mahindi 11, maharagwe 13.

Hakuna aliyeulizwa lake lilikuwa lipi. Nikawaomba watembee wawili wawili kuuzunguka ua, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, mizunguko mitatu, kisha kila mmoja alete sababu moja aliyoisikia, bila kusema ni ya nani. Kutembea bega kwa bega kuna wepesi wake. Hamtazamani usoni, na maneno mazito hutoka kwa urahisi zaidi.

Sababu zilikuja nyingi. Shamba bado ni la baba mkwe na halijagawanywa. Mbegu ya desmodiamu ni ghali. Na kubwa kuliko zote, iliyoletwa na wanawake watano tofauti: desmodiamu inakaa mahali pa maharagwe. Maharagwe ya katikati ya mistari ndiyo mboga ya nyumba, na mengine ndiyo pesa ya mama, asiyoombwa hesabu. Mume anapokubali mwembeni, anakubali kwa kutoa maharagwe ya mkewe.

Ilinigusa sana. Tukakaa chini, safari hii bila mchezo wowote, tukapanga upya. Maharagwe yatapandwa ndani ya mstari wa mahindi, katika shimo moja na mahindi au katikati ya shimo na shimo, jambo ambalo limejaribiwa na wakulima wa vuta-sukuma. Anayetaka ataanza na mita 10 kwa 10. Tukapitisha bakuli tena: mahindi 19, maharagwe 5. Watano hao hatutawasumbua.

Machi 18 na 25

Kupanda. Mistari ya mahindi ni sentimita 75, shimo kwa shimo 30. Kila mtu alipima hatua yake kando ya kamba yenye mafundo, tukaona hatua ya kijana mmoja inapita 90 na ya kukhu haifiki 50. Kwa hiyo kila mmoja alikata fimbo yake ya 75 na kwenda nayo nyumbani. Mbegu ya desmodiamu tuliichanganya na mchanga laini na kuifunika kwa udongo kidogo tu. Mapando ya napia tuliyatoa kwenye mashina yenye afya, maana ugonjwa wa kudumaa kwa napia uko huku, na mapando mabovu yanauhamisha.

Jumanne, Aprili 15

Siku mbaya. Nimezunguka mashamba tisa baada ya palizi. Katika manne desmodiamu imeng'olewa pamoja na magugu, na katika moja haikubaki hata mche. Mama mwenye shamba alinionyesha palizi yake safi kwa fahari, na sikujua niweke wapi uso wangu.

Kosa ni langu. Wote walikuwa wameicheza desmodiamu, wakijua inafanya nini na inasimama wapi. Hakuna aliyejua inafananaje ikiwa changa, kwa sababu katika mchezo wangu desmodiamu ilikuwa mtu anayepiga makofi. Mwili ulifundishwa sababu. Macho na vidole havikufundishwa chochote.

Jumanne, Aprili 22

Soko la majani. Niling'oa miche ya kila aina iliyoota mashambani mwao na kuiweka katika vituo vinane, desmodiamu imefichwa katika vitatu, kila kimoja na umri wake. Watatu watatu wanapita, wanashika, wanageuza jani, wanaamua kipi kinabaki na kipi kinang'olewa, kisha wanasogea.

Mvua ikatufukuza ndani, na bati la kanisa likapiga kelele hata mtu hasikii jirani yake. Niliogopa kikao kimekufa, lakini bila sauti vidole vilifanya kazi zaidi. Walionyeshana kwa kugusa: majani matatu katika kikonyo kimoja, vinywele vinavyong'ang'ania nguo, na kwa aina moja ya desmodiamu ule mstari mweupe wa fedha katikati ya jani. Yule mama wa shamba lililosafishwa alirudi kwenye kituo cha mche mdogo kuliko yote mara nne. Mara ya nne alifumba macho na kuutambua kwa kugusa.

Tumenunua mbegu ya kujaza mapengo katika mashamba matano, pamoja na lake. Kikao hiki kitatangulia kupanda, na si kufuata.

Jumanne, Juni 10

Kuhesabu kayongo. Tuliizungusha kamba mashamba sita, sehemu sawa ndani ya vuta-sukuma na nje yake, tukahesabu kwa sauti pamoja. Nje ipo kila mahali, imeshatoa maua. Ndani ipo pia, ila kidogo zaidi pale desmodiamu iliposhika vizuri. Kwenye mapengo hakuna tofauti. Hakuna aliyelalamika. Mwalimu mstaafu aliwakumbusha wale sita waliobaki chini ya leso, wakatikisa vichwa na kuendelea kuing'oa kabla haijadondosha mbegu.

Jumanne, Julai 8

Leo hatukukutana kanisani. Tulikuwa bomani kwa kukhu, na tulipofika tulikuta majirani saba ambao hatukuwaalika, na wajukuu wake wamepangwa uani katika mistari miwili wakivuma kwa midomo iliyofungwa. Alikuwa kwenye kiti chake, akielekeza kwa fimbo yake ya 75. Napia, watoto wadogo kabisa, walikuwa pande zote nne. Mmoja wa upande wa jikoni aliponyata kuondoka akimwacha mwenzake peke yake, kukhu alimrudisha mahali pake kabla nondo hajafungwa macho.

Majirani wanne wameandikisha majina kwa msimu wa mvua za vuli. Wawili kati yao ni wanawake, na cha kwanza walichouliza ni maharagwe yatakaa wapi. Kukhu ndiye aliyewajibu, akatuonyesha shimo kwa shimo alikoyapanda yake.

Kikao cha soko la majani nimekipanga Agosti 12, kabla ya jembe lolote kugusa udongo. Kamba ya katani imechakaa kwa kuvutwa. Nimenunua nyingine mita 30, na mwenyekiti anaifunga mafundo.